Nguruwe pori shambani: namna ya kulinda chakula cha familia na usalama wa anayelinda

Mkulima wa Rufiji, Kilwa au Lindi anaweza kukaa miaka bila kumwona tembo shambani kwake. Nguruwe pori hatamkosa. Asipomwona mwenyewe ataona kazi yake asubuhi: tuta la viazi limefukuliwa lote, mihogo imeng'olewa na kutafunwa nusu, mahindi yamelazwa chini, kila bua limeangushwa kwa ajili ya gunzi moja. Kinachouma ni kwamba huharibu zaidi ya anachokula, na familia inayolima ekari mbili kwa jembe la mkono haina pa kuifidia hasara hiyo.

Mwongozo huu ni wa shamba la familia la ukubwa huo, lililo mbali kidogo na nyumba na karibu na vichaka, ambalo walinzi wake ni baba, mama, kaka na shemeji. Msimamo wangu nautaja mapema. Nguruwe hamalizwi kwa kuuawa mmoja mmoja gizani. Dawa yake ni kunyimwa maficho, kuzibiwa njia, na kukuta majirani wamepatana. Jike hubeba mimba kwa miezi minne hivi na huzaa watoto mmoja hadi wanne, pengine zaidi. Pwani yetu wengi ni Waislamu na hawamli, kwa hiyo hawindwi sana, na chui aliyekuwa akimpunguza amekuwa adimu. Ukiua wawili leo na kichaka kikabaki palepale, wengine watakuja kukaa humo humo.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni nguruwe

Kila mnyama ana namna yake ya kula, na kinga ya mmoja haimzuii mwingine. Nenda shambani alfajiri kabla watu hawajakanyaga alama.

Nguruwe pori ana kwato mbili mbele, na kwenye matope laini utaona pia alama mbili ndogo za kwato za nyuma. Palipopita kundi ardhi huwa imevurugwa kwa pua, mashimo yasiyo na mpangilio, udongo umetupwa huku na huku. Kwenye mahindi huangusha bua zima na kula gunzi likiwa chini. Kwenye miwa utakuta makapi yaliyotafunwa na kutemwa.

Nungunungu naye hupenda mihogo, ila huchimba kwa adabu kidogo: shimo moja kwenye shina moja, na kwenye mzizi uliobaki utaona michirizi ya meno iliyolala sambamba. Mara nyingi huacha mwiba mmoja au miwili. Ndezi hukata bua la mpunga au muwa kwa mshazari, safi, karibu na ardhi. Nyani na tumbili huja mchana, huchuma magunzi, huyamenya, huonja na kuyatupa. Kiboko huacha nyayo kubwa za vidole vinne na njia pana inayotoka mtoni. Ukiona nyayo za tembo, acha kusoma hapa, toa taarifa kwa askari wa wanyamapori na usithubutu kulala kwenye shamba hilo. Kumkabili tembo ni kazi ya watu waliofundishwa.

Wengi huchanganya nguruwe pori na ngiri. Ngiri hutembea mchana, hula nyasi akiwa amepiga magoti, hulala kwenye shimo, mara nyingi lile lililochimbwa na muhanga, na akikimbia husimamisha mkia wima. Nguruwe pori ni mwekundu wa kahawia au mweusi, ana manyoya marefu mgongoni, hutoka usiku, hulala kichakani, na akikimbia mkia umeshuka. Tofauti hii ina maana kwako: ngiri utamdhibiti kwa kuwepo shambani mchana, nguruwe pori anataka maandalizi ya usiku.

Hatua ya pili: tafuta mlango wake

Nguruwe ni mnyama wa mazoea. Kundi lililopita mahali fulani likapata chakula litarudi kupitia hapo hapo, na baada ya wiki chache njia huonekana waziwazi: majani yamelala, udongo umeshindiliwa, magogo ya pembeni yamepakwa matope mahali walipojikuna. Zunguka shamba lako lote ukiifuata kingo yake, hatua kwa hatua, na kila unapoona upenyo weka mti wenye kitambaa.

Kama ardhi ni kavu na alama hazisomeki, fagia ukanda mwembamba kuzunguka shamba jioni, au mwaga mchanga laini kwenye sehemu unazozitilia shaka. Asubuhi utasoma mchanga huo vizuri: wangapi wameingia, wakubwa au wadogo, wametokea upande gani. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo. Shamba likionekana limeingiliwa kila mahali, mara nyingi ukichunguza utakuta milango ni michache na vurugu ni moja.

Kisha ifuate njia kuelekea nje, mchana, mkiwa wawili au zaidi, mkiongea kwa sauti. Lengo ni kujua wanakolala. Kwa kawaida ni matete, mwitu wa kando ya mto, au shamba lililoachwa likaota vichaka. Usiingie ndani ya kichaka chenyewe. Dume lililobanwa hushambulia, na jike lenye watoto ni hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: ondoa maficho yaliyo karibu

Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Fyeka ukanda kuzunguka shamba, hatua kumi au zaidi kama nguvu zinaruhusu, na uuweke safi tangu mazao yanapoanza kuzaa hadi mavuno. Ukanda huo utakusaidia pia usiku: mlinzi ataona kinachokuja kabla hakijafika kwenye mahindi.

Tumia panga na jembe, acha kiberiti nyumbani. Moto uliowashwa kusafisha ekari moja hula mikorosho ya jirani na nyasi za kuezekea za kijiji kizima. Na kama shamba linapakana na mto, usifyeke hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na mti uliopo pale ndio unaozuia shamba lako lisibebwe na maji.

Shida kubwa zaidi ni mashamba ya watu wasiokuwepo. Karibu kila kitongoji kina ekari kadhaa za mikorosho au minazi ya mtu aliyehamia Dar es Salaam, au ya marehemu ambaye warithi wake hawajaelewana. Pale chini ya mikorosho kumeota vichaka ambavyo mtu hawezi kupenya, na kundi zima linalala humo mchana, mita mia mbili kutoka kwenye mihogo yako. Unaweza kujenga uzio wa kila aina, lakini kichaka hicho kikibaki utakuwa unajenga kila mwaka. Lipeleke jambo hili kwenye mkutano wa kitongoji. Mwenye shamba apigiwe simu, aombwe kupalilia au kuruhusu mtu apalilie na alime chini ya miti kwa msimu. Wengi hukubali wakielezwa kwa heshima, maana mikorosho iliyopaliliwa huzaa vizuri zaidi. Kijiji kinaweza pia kutunga sheria ndogo juu ya mashamba pori, na sheria hiyo ikipitishwa na halmashauri ina nguvu.

Hatua ya nne: panga mazao kwa akili

Kinachoota pembezoni ndicho kinachoonjwa kwanza. Mihogo mitamu, viazi vitamu, karanga na mahindi viweke katikati au upande ulio karibu na nyumba na njia ya watu. Upande wa kichaka panda kitu kisichomvutia sana, kama ufuta au pilipili. Ufuta una faida nyingine: unauzika, na huku kusini watu wanaujua.

Wazee wetu wa kusini walikuwa na hekima ya kupanda mihogo michungu upande wa porini. Nguruwe, nyani na hata mwizi huikwepa. Lakini mihogo hiyo ina sumu, na anayeipanda lazima ajue kuitengeneza: kumenya, kuloweka siku kadhaa mpaka ilainike, kuianika ikauke kabisa, ndipo itwangwe. Mwaka wa njaa watu hufupisha siku za kuloweka, na hapo huja konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona, hasa kwa watoto na kina mama. Kama nyumbani kwako hakuna mtu mzima anayeisimamia kazi hiyo kwa uangalifu, usiipande.

Pandeni kwa wakati mmoja na majirani. Shamba linalokomaa peke yake, mapema au kwa kuchelewa, hubeba mzigo wa kundi zima. Na mahindi yakikauka yavune, usiyaache yakining'inia shambani kwa sababu ghala halijaezekwa; ghala liezekwe kabla.

Hatua ya tano: uzio

Kanuni moja itakusaidia kuamua kila kitu: nguruwe husukuma na kuchimba kwa chini, haruki sana. Nguvu na fedha zako ziweke chini. Uzio wa mita moja na robo ulio imara kwenye usawa wa ardhi unamzuia kuliko wa mita mbili wenye mwanya chini.

*Uzio wa fito.* Huu ndio wa wengi, kwa kuwa miti ipo. Chimba mtaro wa kina cha mkono mmoja, simamisha fito zikiwa zimebanana kiasi kwamba kiganja hakipiti, shindilia udongo, kisha funga fito za kulala mbili kwa kamba au waya: moja chini kabisa, shibiri moja kutoka ardhini, nyingine karibu na juu. Fito ya chini ndiyo roho ya uzio. Watu wengi hufunga ya katikati na ya juu, uzio ukaonekana mzuri, na nguruwe akaingiza pua chini na kuziinua fito tatu kwa pamoja. Mchwa watakula, kwa hiyo tafuta miti migumu, na tembelea uzio kila wiki ukitikisa kila fito kwa mkono.

*Uzio hai.* Mkonge uliopandwa kwa mistari miwili inayopishana, minyaa, au michongoma. Unachukua miaka miwili mitatu kushikana, lakini ukishashikana hauhitaji fito mpya kila msimu. Panda huku bado ukiwa na uzio wa fito. Utomvu wa minyaa ukiingia machoni huunguza vibaya. Anayekata vipandikizi asijifute uso, na watoto wasichezee hapo.

*Handaki.* Linasaidia kwenye udongo mgumu tu. Kina kifike mita moja na ukuta wa upande wa shamba uwe wima. Ukiwa na mteremko atapanda. Kwenye mchanga wa pwani handaki hubomoka mvua ya kwanza, na shimo lenye maji karibu na nyumba ni hatari kwa watoto. Mimi kwenye udongo wetu sioni faida yake.

*Senyenge na wavu.* Kama mna fedha kidogo, nunueni wavu wa waya kwa upande mmoja tu, ule wenye milango mliyoiona katika hatua ya pili, na chini yake mfukie ndani ya ardhi au mbane kwa mawe. Senyenge peke yake inataka nyuzi tatu au nne zilizokaribiana chini, wa kwanza usizidi shibiri moja kutoka ardhini.

*Uzio wa umeme wa sola.* Huu hufanya kazi vizuri sana kwa nguruwe, kwa sababu hutanguliza pua yenye unyevu. Nyuzi mbili zinatosha: wa kwanza sentimita 20 hivi kutoka ardhini, wa pili sentimita 45. Kifaa chake hutuma mishtuko mifupi kutoka kwenye betri ya volti 12. Humshtua mnyama bila kumuua. Majani yakigusa waya umeme unapotea, hivyo kupalilia chini yake ni kazi ya kila wiki. Gharama ni kubwa kwa familia moja, ila mashamba manne au matano yaliyopakana yakizungushiwa uzio mmoja gharama hugawanyika, na mzingo wenyewe unakuwa mfupi kuliko kila mtu kuzungusha wake.

Nalisema hili kwa uzito wote: usiunganishe waya wa uzio na umeme wa nyumbani, wala na jenereta moja kwa moja. Umeme wa gridi hausukumi kwa mishtuko, unashika na kuua. Atakayekutwa pale asubuhi anaweza kuwa mtoto wako aliyetangulia kuchuma mboga.

Hatua ya sita: ulinzi wa usiku

Hapa ndipo watu hufa, na hapa nitakaa kidogo.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya juu, mashamba yakabaki bondeni. Tangu hapo familia nyingi hushuka na kukaa mashambani wiki kwa wiki mazao yanapokomaa, kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990 na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa, na Rufiji na Lindi ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, watu wanapolala mashambani kwa ajili ya nguruwe. Pale ambapo wanyama wengine wa kuwindwa wamekwisha, nguruwe ndiye chakula kilichobaki cha simba, na simba humfuata hadi kwenye mahindi. Huyo ndiye anayemkuta mlinzi amelala chini kwenye kibanda cha nyasi. Simba mmoja wa Rufiji aliyeuawa Aprili 2004 alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35.

Kwa hiyo anayelinda shamba alale juu. Dungu letu la jadi, likijengwa sawasawa, ni kinga ya kweli. Nguzo nne au sita za mti mgumu zizikwe nusu mita au zaidi. Sakafu ya uchaga iwe juu mita mbili na nusu hadi tatu. Kuta zizungushwe fito hadi kifuani kwa mtu aliyeketi, na upande wa kulala zifike juu kabisa. Mlango uwe na ubao wa kufunga. Ngazi ivutwe juu kila mnapopanda. Dungu lenye ngazi iliyoachwa chini usiku ni sawa na nyumba isiyo na mlango. Tundikeni chandarua, kwa kuwa bondeni malaria haina simile. Wekeni ndoo yenye kifuniko ya haja, ili mtu asilazimike kushuka saa nane za usiku. Kama mnataka moto juu, jengeni kitako cha udongo mnene juu ya bati, na maji yawe karibu.

Walinzi wawe wawili kwa zamu, watu wazima. Mtoto wa shule asitumwe kulinda, hata kama shamba liko karibu. Kufika shambani kufanyike jua bado liko juu, na kurudi kuwe kumepambazuka. Anayelazimika kutembea gizani atembee na wenzake, na tochi yenye mwanga mkali, mkiongea njia nzima.

Kelele hufanya kazi zikibadilishwa. Debe likigongwa kila saa kwa mdundo uleule, baada ya siku chache kundi linaendelea kula. Usiku mmoja debe, mwingine redio, mwingine filimbi na miale ya tochi inayotembea, na saa zisifanane. Mnapojua mlango wao, elekezeni kelele upande huo mapema, kundi likiwa bado kichakani; likishaingia katikati ya mahindi, kulifukuza huangusha mabua zaidi kwa kukimbia ovyo.

Mbwa ni walinzi wazuri wa kubweka. Wafungwe au wafundishwe kukaa karibu na dungu, kwa sababu dume la nguruwe hupasua tumbo la mbwa kwa meno, na mbwa aliyejeruhiwa hukimbilia kwa mwenyewe huku akifuatwa. Wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka.

Hatua ya saba: sheria na vibali

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inafanya kuwinda bila leseni au kibali kuwa kosa, hata mnyama akiwa ndani ya shamba lako. Kumfukuza unaruhusiwa. Kukitokea hatari ya kweli kwa maisha na mnyama akauawa, toeni taarifa upesi kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya wanyamapori, na mzoga ubaki pale mpaka waje. Kubeba nyama au meno bila hati ndiko kunakomgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Utaratibu wa kuomba msaada uko hivi. Andika kila tukio kwenye daftari: tarehe, zao, ukubwa wa eneo lililoharibiwa, alama ulizoziona. Piga picha kwa simu, na weka jembe au ndala kando ya unyayo ili ukubwa uonekane. Peleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye kwa mtendaji, ambaye ataandika barua kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Barua moja ya mtu mmoja hukaa mezani. Barua ya kijiji yenye orodha ya kaya na ekari zake husomwa haraka zaidi. Ombeni waziwazi mnachotaka: askari waje kufanya msako, au kijiji kipewe kibali cha msako chini ya usimamizi wao. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ina vituo vyake, na vijiji vingi vina askari wao wa wanyamapori waliofunzwa. Watumieni.

Fedha zinazotolewa na Serikali kwa uharibifu wa wanyamapori huitwa kifuta jasho, na kiasi chake hakikaribii thamani ya mazao. Dai kama unastahili, ila bajeti ya chakula cha nyumbani usiipange juu yake.

Mambo manne yasifanywe na mtu yeyote. Sumu kwenye chambo huua fisi, tumbusi, mbwa wa jirani, na huishia kwenye maji mnayokunywa. Mtego wa nyaya hukamata chochote, pamoja na mguu wa mtu anayechuma kuni. Shimo lililofunikwa majani limeshameza watu. Na gobole lililofichwa darini, licha ya kuwa kosa, mara nyingi hujeruhi tu. Nguruwe aliyejeruhiwa hujificha kichakani akimsubiri anayemfuata.

Mtu akipasuliwa na nguruwe, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha osheni kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya pepopunda na ushauri juu ya kichaa cha mbwa. Jeraha la jino la nguruwe huwa dogo juu na refu ndani, kwa hiyo lisishonwe nyumbani.

Kama kijijini kuna wanaofuga nguruwe

Maeneo ya Morogoro, Ruvuma na Mbeya jambo hili ni zito zaidi kuliko mahindi. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonyesha dalili, lakini nguruwe wa kufugwa wakiambukizwa karibu wote hufa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na tiba haujapata. Kwa binadamu hauambukizi. Wafugwao wafungiwe bandani mwaka mzima, wasiachwe kuzurura baada ya mavuno. Mabaki ya nyama ya porini yasiingie bandani. Aliyegusa mzoga aoge na kubadili nguo na viatu kabla ya kulisha. Kupe laini wa kwenye mashimo ya ngiri huwaambukiza pia, basi mashimo yaliyo karibu na banda yafukiwe yakiwa matupu. Nguruwe wakianza kufa mfululizo, mwite daktari wa mifugo na msimuuzie mtu nyama.

Baada ya mavuno

Kazi ya msimu unaofuata huanza hapa. Mihogo na viazi vilivyosahaulika ardhini vichimbuliwe, magunzi yaliyodondoka yaokotwe, maana kundi lililozoea kula kwenye shamba tupu halitakuwa na sababu ya kuhama. Mashina ya migomba yaliyolala na matete yaliyoanza kuvamia ukanda yaondolewe wakati ardhi bado ni laini. Fito zilizooza zing'olewe zote, zisiachwe zikabeba mchwa hadi kwenye mpya. Kisha wenye mashamba yanayopakana wakae jioni moja na daftari lile la matukio, waone upande gani uliingiliwa zaidi, na wagawane mzingo wa uzio na zamu za dungu kabla mvua za vuli hazijaanza, kwa sababu kila mtu akishashika jembe lake hakuna atakayekuwa na muda wa kikao.